Bangi Uholanzi: mlango wa mbele wazi, wa nyuma umefungwa

Bangi si halali Uholanzi. Naanza na hilo kwa sababu mjadala wa bangi huku kwetu, uwe wa kijiweni au wa bungeni, haufiki mbali kabla mtu hajauliza "mbona Waholanzi wameihalalisha?" Hawajaihalalisha. Sheria yao ya dawa za kulevya, Opiumwet, bado inasema kulima ni kosa, kuuza ni kosa, kuwa nayo mfukoni ni kosa. Kilichofanyika mwaka 1976 ni kuzigawa dawa katika orodha mbili: ya kwanza ina heroini, kokeini na wenzao, ya pili ina bangi na hashishi (utomvu wake uliogandishwa). Kwa hiyo ya pili waendesha mashtaka wakapewa mwongozo wa kufumbia macho kiasi kidogo. Wanaona, wanajua, hawagusi.

Serikali ya wakati ule haikuwa na mapenzi na bangi. Iliogopa heroini, iliyokuwa imeanza kuenea Amsterdam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoja ilikuwa nyepesi: kijana anayemfuata pusha kutafuta msokoto atamkuta pusha huyohuyo ana unga. Basi msokoto uuzwe kwingine, na mtu ambaye unga hana. Ndiyo maana ya kofishopu, duka la kahawa linalouza bangi. Ile maarufu ya mwanzo, Mellow Yellow, ilifunguliwa mwaka 1972, kabla hata sheria haijabadilishwa. Ilikuja kufungwa mwanzoni mwa 2017 kwa kosa la kuwa karibu mno na shule.

Ukitaka kupima faida na hasara za kufungua soko la bangi, mmea wenyewe uache pembeni kwanza. Tazama milango miwili ya duka: mbele anaingia nani, na nyuma mzigo unaingia vipi. Karibu kila tatizo la Uholanzi limekaa kwenye mmoja wa milango hiyo.

Hesabu ya gramu 500

Kofishopu inafumbiwa macho kwa masharti. Isijitangaze. Isiuze dawa kali. Isilete kero mtaani. Isimruhusu aliye chini ya miaka 18. Isimuuzie mtu mmoja zaidi ya gramu 5 kwa siku, na dukani pasiwe na zaidi ya gramu 500 kwa wakati wowote. Kabla ya 1996 mnunuzi aliruhusiwa gramu 30. Zilipunguzwa wakati majirani, Ufaransa hasa, walipokuwa wakilalamika kwamba raia wao wanarudi na mizigo. Pombe nayo haiuzwi kwenye kofishopu za Amsterdam.

Sasa piga hesabu. Chukua duka la katikati ya jiji lenye wateja 400 kwa siku, kila mmoja akichukua gramu 2. Hizo ni gramu 800, na duka linaruhusiwa kuwa na 500. Tena menyu ina aina 20, yaani kwa wastani kila aina ina gramu 25 tu, na ile inayopendwa inaisha kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo kuna mtu wa kuleta mzigo, kwa baiskeli au pikipiki, mara kadhaa kwa siku, kutoka kwenye stoo ya siri katika nyumba ya kawaida mitaa michache kutoka pale. Stoo hiyo ikiwa na kilo 5, polisi wakiigundua ni kesi ya jinai kwa mtu yuleyule ambaye kaunta yake ina kibali cha meya. Kila safari ni nafasi ya kuporwa, na aliyeporwa hawezi kwenda kituoni kuripoti.

Huo ndio mlango wa nyuma, na Waholanzi wenyewe wanauita hivyo. Kuuza mbele kunavumiliwa. Kununua nyuma ni kosa. Nje ya miji michache ya jaribio nitakayoifikia, hakuna mkulima halali wa kumpa risiti mwenye duka. Mambo ya kodi nayo ni kichekesho: mwenye kofishopu analipa kodi ya mapato kama mfanyabiashara yeyote, ila VAT hatozwi, kwa sababu mahakama ya Ulaya iliamua tangu miaka ya 1980 kwamba biashara iliyopigwa marufuku kabisa haiwezi kutozwa VAT. Anayeuza soda anatoza. Anayeuza bangi hatozi.

Mzigo unatoka wapi? Sehemu kubwa ya bangi inalimwa ndani ya nchi, kwenye madari, maghala na vyumba vya nyumba za kupanga, chini ya taa. Taa zinakula umeme mwingi, bili ikipanda kampuni ya umeme inashtuka, kwa hiyo waya unaunganishwa kabla ya mita. Uunganishaji huo unafanywa na fundi asiye fundi, na ndio chanzo cha mioto. Unyevu unaleta ukungu kwenye kuta na kwenye mmea wenyewe, ukungu unaleta dawa za kupulizia, na hakuna mkaguzi wa kuuliza zilipuliziwa zipi.

Anayeishi kwenye nyumba hizo mara nyingi si bosi. Ni mpangaji mwenye madeni, aliyeahidiwa hela kwa kila mavuno. Polisi wakija, bosi hayupo. Kifungu 13b cha Opiumwet kinampa meya uwezo wa kuifunga nyumba, shirika la nyumba linavunja mkataba, kampuni ya umeme inaleta bili ya uliyoibwa. Mtu anabaki na deni kubwa kuliko alilokuwa nalo. Ninapozisikia hoja za "kuhalalisha kumeua magendo", huyu mpangaji ndiye ninayemfikiria kwanza, kwa sababu nusu-uhalali ndio uliomzalisha: soko la uhakika mbele, marufuku nyuma.

Maastricht

Sasa mlango wa mbele. Maastricht ni mji wa watu kama 120,000, kwenye ulimi wa nchi uliopenya kati ya Ubelgiji na Ujerumani. Mpaka wa Ubelgiji uko kilomita chache tu, na miji ya Liège na Aachen iko kilomita kama 30. Kofishopu 14 za mji huo zilikuwa zikipokea wateja wapatao 10,000 kwa siku, zaidi ya milioni 3.9 kwa mwaka, na asilimia 70 yao hawakuwa wakazi wa Uholanzi. Takwimu hizo zimo kwenye hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 16 Desemba 2010, katika kesi ya mwenye kofishopu mmoja, Marc Josemans, dhidi ya meya wa mji.

Zizungushe kichwani hizo namba. Wateja 7,000 wa kigeni kila siku, wengi kwa gari, wanaokaa nusu saa, hawalali hotelini wala hawaendi makumbusho. Wananunua, wanageuza. Mji unabaki na foleni, maegesho yaliyojaa, takataka, na vijana barabarani wanaoyafuata magari ya namba za Ufaransa na Ubelgiji kuwaelekeza kwenye nyumba za watu binafsi ambako sheria ya gramu 5 haipo na kokeini ipo.

Hapa kuna jambo ambalo wanaopigia debe "utalii wa bangi" hawalisemi. Utalii huu hauletwi na uzuri wa mji wala wa bangi yake. Unaletwa na tofauti ya sheria kati ya majirani. Mfaransa anaendesha kilomita mia tatu kwa sababu kwao angepigwa faini au kushitakiwa. Siku jirani akilegeza sheria, mteja anabaki kwao. Ni biashara iliyojengwa juu ya uamuzi wa bunge la nchi nyingine.

Josemans alidai kwamba kuwazuia wageni ni ubaguzi, kwani soko la Ulaya ni moja. Mahakama ikamjibu kwamba dawa za kulevya zisizopita njia rasmi hazilindwi na uhuru wa biashara wa Ulaya. Kuhusu kahawa na soda alizouza, ikakubali kwamba hizo ni huduma halali, lakini ikasema kupambana na utalii wa dawa za kulevya ni sababu ya kutosha ya kuwazuia wateja wa nje.

Kwa nguvu ya hukumu hiyo, tarehe 1 Mei 2012 mikoa mitatu ya kusini, Limburg, Noord-Brabant na Zeeland, ilianzisha pasi ya bangi. Kofishopu iligeuzwa klabu ya watu wasiozidi 2,000, wakazi wa Uholanzi tu, majina yao yakiandikwa. Wabelgiji na Wafaransa walipungua mara moja. Hapo mpango ulifaulu. Ulipoharibikia ni kwa wenyeji, ambao hawakutaka majina yao yakae kwenye orodha ya wavuta bangi, maana nani anajua mwajiri au polisi wataiona lini? Wakakataa kujiandikisha. Nao wakaenda kwa vijana wa barabarani. Ndani ya wiki chache pusha wa mtaani alikuwa na wateja wa aina mbili, mgeni aliyefungiwa na mwenyeji aliyesusa.

Pasi ikafutwa Novemba mwaka huohuo. Kilichobaki tangu Januari 2013 ni sharti la ukaazi: mkazi anaonyesha kitambulisho na hati ya manispaa inayothibitisha anakoishi, na hakuna orodha. Kila manispaa inaamua yenyewe kama italisimamia. Maastricht inalisimamia. Amsterdam hailisimamii.

Kwa nini Amsterdam inasita

Meya Femke Halsema alipendekeza Januari 2021 kwamba watalii wazuiwe kwenye kofishopu za jiji, ambazo wakati huo zilikuwa zaidi ya 160. Baraza la jiji likagoma. Wapinzani walikuwa na hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa: Maastricht walikuja kwa gari na kuondoka, Amsterdam wanalala. Mtalii aliyefungiwa kofishopu jioni ya Ijumaa hatarudi hotelini kulala. Atatoka nje, na nje kuna watu wanaonong'ona majina ya dawa kwenye madaraja. Mwishoni mwa 2014 watalii watatu Waingereza walikufa jijini humo baada ya kuvuta unga mweupe waliouziwa mtaani kama kokeini. Ulikuwa heroini. Jiji liliweka mabango ya taa barabarani kuwaonya wageni. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa amenunua unga huo kofishopu, kwa sababu kofishopu ikikutwa na unga inafungwa. Wazo la 1976 la kutenganisha masoko, kwa upande huo, linafanya kazi hadi leo, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko kodi na ajira zote zinazotajwa.

Badala ya kuwafungia, jiji lilichagua kubana. Tangu Mei 2023 ni marufuku kuvuta bangi kwenye mitaa ya De Wallen, eneo la madanguro katikati ya jiji, faini yuro 100. Mwaka huohuo lilianza kampeni ya kuwaambia vijana wa kiume wa Uingereza wanaotafuta ulevi wasije kabisa. (Ukipita De Wallen saa saba usiku utagundua kwamba kelele nyingi ni za bia. Mvuta bangi mara nyingi amekaa kimya anatafuta viazi vya kukaanga.)

Nchi nyingine zilivyoushika mlango

Uruguay, kwa sheria ya Desemba 2013, ilifunga mlango kwa mgeni tangu mwanzo. Mkazi anajiandikisha kwa njia moja tu kati ya tatu: miche 6 nyumbani, klabu ya watu 15 hadi 45, au duka la dawa, ambako anathibitishwa kwa alama ya kidole na kupewa si zaidi ya gramu 10 kwa wiki. Hakuna mtalii. Kikwazo kilitoka mahali ambapo hawakutarajia: mauzo yalipoanza Julai 2017, benki zilitishia kufunga akaunti za maduka ya dawa kwa hofu ya sheria za fedha za Marekani.

Ujerumani ilipofungua Aprili 2024 ilifuata njia hiyohiyo. Gramu 25 ukiwa nje, gramu 50 na miche 3 nyumbani, na klabu za wanachama wasiozidi 500 ambao lazima wawe wameishi nchini miezi 6. Sharti hilo la miezi liliwekwa kwa kumlenga mtalii.

Thailand ilifanya kinyume. Tarehe 9 Juni 2022 iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla bunge halijatunga sheria ya kuisimamia. Maneno rasmi yalikuwa ya tiba. Maduka yaliyojaa Bangkok, Phuket na Pattaya yalikuwa ya watalii. Bei ya wakulima wa ndani ikaporomoka, mizigo ikaanza kukamatwa kwenye masanduku ya abiria waliokuwa wakishuka London, na Juni 2025 serikali ikageuka: ua la bangi sasa linahitaji cheti cha daktari. Aliyechukua mkopo kufungua duka 2022 hakuwa na sheria ya kushika mkononi hata siku moja, alikuwa na tangazo la waziri.

Wakenya watamkumbuka George Wajackoyah, aliyegombea urais 2022 akiahidi kulima bangi ya kuuza nje. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni atamuuzia nani kihalali. Kwa mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya, bangi inavuka mpaka kwa matumizi ya tiba na sayansi, kwa vibali vya nchi zote mbili. Soko la wavutaji wa Amsterdam halimo humo.

Waholanzi wanavyojaribu kuufungua mlango wa nyuma

Tarehe 15 Desemba 2023, kofishopu za miji ya Breda na Tilburg zilianza kuuza bangi iliyolimwa kihalali, kwa jaribio la serikali. Juni 2024 manispaa nyingine za jaribio zikaingia, zikiwa 10 kwa jumla, Maastricht ikiwemo. Tangu 7 Aprili 2025 kofishopu za manispaa hizo haziruhusiwi kuuza bangi nyingine yoyote. Wakulima wamechujwa asili ya fedha zao, kila pakiti imefungwa na kufuatiliwa tangu shambani, ina kiwango cha THC (kemikali ya bangi inayolevya) na karatasi ya maelezo. Na ile sheria ya gramu 500 imeondolewa huko: duka linaweza kuweka mzigo wa wiki moja. Hakuna tena kijana wa baiskeli.

Kilichokwama ni vitu ambavyo mwanasiasa havioni. Jaribio liliahidiwa 2017 na kuanza miaka sita baadaye, kwa sababu wakulima walikosa benki za kuwafungulia akaunti na viwanja ambavyo majirani hawakuvipinga. Halafu hashishi. Wavutaji wa Uholanzi wamezoea ya Morocco, na wakulima wa ndani hawakuweza kutengeneza inayofanana nayo kwa ladha wala kwa wingi. Ikabidi ya magendo ivumiliwe miezi kadhaa zaidi, hadi Septemba 2025. Mteja asiyeikuta anayoitaka dukani anajua pusha yuko wapi.

Keki, gari na uwanja wa ndege

Kwa msafiri, hatari kubwa si msokoto, ni keki iliyotiwa bangi. Moshi unafika kichwani kwa dakika. Kitu cha kula kinapita tumboni na kwenye ini kwanza: kinaanza baada ya dakika 30 hadi saa 2, kinafika kilele saa chache baadaye, na kinaweza kudumu saa 8. Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anakula kipande, anasubiri nusu saa, anaona "haishiki", anamalizia. Machi 2014, miezi michache baada ya Colorado kuanza kuuza, mwanafunzi wa miaka 19 aliyekuja Denver kutoka jimbo jirani alinunuliwa biskuti ya miligramu 65 za THC, yaani dozi sita na nusu kwa kipimo cha jimbo hilo. Alikula kipande kimoja kama alivyoelekezwa, hakuona kitu, akala iliyobaki. Saa mbili na nusu baadaye aliruka kutoka ghorofani, akafa. Ripoti ya afya ya Marekani ilieleza saa hizo moja baada ya nyingine, na Colorado ikabadilisha kanuni za ufungaji. Canada yenyewe iliweka kikomo cha miligramu 10 kwa pakiti nzima. Keki ya Amsterdam mara nyingi haina namba yoyote. Asiyezoea aanze na robo ya kipande, asubiri kwa muda wa saa mbili nzima, akihesabu kwa saa ya ukutani, na asichanganye na pombe. Akizidiwa: mahali patulivu, maji, mtu wa kukaa naye. Maumivu ya kifua, kuzimia au kuchanganyikiwa, piga 112, na mwambie mhudumu alichokula. Hilo halimpeleki jela.

Gari usiguse siku hiyo. Polisi wa Uholanzi wanapima mate barabarani tangu 2017, na kikomo ni mikrogramu 3 za THC kwa lita ya damu. Ujerumani ni 3.5, ila huko wanapima majimaji ya damu (serum), si damu nzima. Na gramu 5 zile zinaishia mpakani: ukivuka kwenda Ubelgiji au Ufaransa umesafirisha dawa za kulevya, hata kama hakuna kizuizi barabarani.

Wanaorudi Dar, Mombasa au Zanzibar wengi wanapitia Ghuba. Falme za Kiarabu zinahesabu hata dawa iliyomo mwilini kuwa ni kumiliki, na mabaki ya THC yanaonekana kwenye mkojo siku kadhaa baada ya msokoto mmoja, wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. Biskuti, pipi na mafuta ya bangi yanayouzwa wazi kwenye maduka ya zawadi Amsterdam hayana cheti kinachotambuliwa na forodha yoyote kwenye njia hiyo, na afisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hatakuuliza uliinunua kwenye duka gani. Ambacho hakijaisha kabla ya teksi ya kwenda Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kinabaki hotelini, kwenye pipa la taka.